Luka 2:22 "kutakasika kwao": hao "wao" ni akina nani? Na shekeli tano za mzaliwa wa kwanza ziliishia wapi?

#1 Kibatari
Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye jumuiya tulisoma Luka 2 kuanzia mstari wa 22, pale mtoto Yesu anapelekwa hekaluni. Mama mmoja mtu mzima, huwa haongei kabisa, akauliza swali, katekista akakohoa akaangalia saa akasema tufunge kwa sala. Nimelileta hapa kama lilivyo.

Walawi 12 inasema mwanamke akizaa mtoto wa kiume ni najisi siku 7, siku ya nane mtoto anatahiriwa, halafu mama anakaa siku 33 nyingine, jumla 40, ndo anapeleka sadaka. Mwanamke. Baba hatajwi, mtoto hatajwi. Sasa Luka anasema zilipotimia siku za kutakasika KWAO. Kwao nani? Habari Njema ndo imemaliza mchezo kabisa, imeandika Yosefu na Maria. Yosefu alizaa lini?

Swali la pili ni langu mwenyewe. Luka anasema walimpeleka wamweke kwa Bwana kwa sababu ni mzaliwa wa kwanza, ananukuu Kutoka 13. Ila Hesabu 18:16 inasema mzaliwa wa kwanza wa mtu anakombolewa kwa shekeli 5 za fedha. Luka anataja hua na makinda ya njiwa basi. Shekeli ziko wapi? Nawasilisha.

#2 Mla Mihogo
Nimevuta kiti, nimeagiza kahawa na kashata.

#3 Simba wa Kitonga
Mleta uzi umepiga penyewe. Wenzetu Wakatoliki wanafundisha Maria alikingiwa dhambi ya asili, sasa alikuwa anatakaswa nini? Mje mtujibu tafadhali, msije na rozari mje na maandiko.

#4 Katekista Mstaafu
Kwanza kabisa katekista aliyekohoa sio mimi.

Pili, Simba unachanganya najisi na dhambi. Kwenye torati unajisi ni hali, sio kosa. Mtu akigusa maiti anakuwa najisi siku 7, soma Hesabu 19, na kumzika baba yako ni wajibu tena wa heshima. Kuzaa ni baraka, ni amri ya kwanza kabisa kwenye Biblia, zaeni mkaongezeke. Lakini damu ikitoka, mtu haingii patakatifu mpaka siku zake zitimie. Maria alifuata sheria kama mwanae alivyotahiriwa. Sasa mbona huulizi kwa nini Yesu alitahiriwa?

#5 Simba wa Kitonga
#4 mzee shikamoo, lakini umeruka mstari. Walawi 12:8 ndege mmoja ni wa sadaka ya kuteketezwa, wa pili ni sadaka ya DHAMBI. Imeandikwa hivyohivyo kwa Kiswahili chetu, sijaongeza neno. Najisi sio dhambi ila sadaka ni ya dhambi? Hapo vipi?

#6 Ukurasa wa Mwisho
Simba, hiyo ni shida ya tafsiri, sio Kiswahili tu, lugha karibu zote. Neno la Kiebrania ni hatat, na linatokana na kitenzi ambacho kwa namna moja kina maana ya kukosa na kwa namna nyingine kuondoa uchafu. Angalia Kutoka 29:36, sadaka hiyohiyo inatolewa kwa ajili ya madhabahu. Madhabahu ile ni mbao zilizofunikwa shaba, ziliiba nini?

Ila usijione mjinga, marabi (walimu wa sheria wa Kiyahudi) wenyewe walijiuliza swali lako. Kwenye Talmud, mkusanyo wa mijadala yao, kitabu cha Nida, wanafunzi walimuuliza Shimon bar Yohai kwa nini mwanamke aliyezaa atoe sadaka. Akawajibu kwamba pale anapopiga magoti na uchungu umemkaba, mwanamke anaapa hatarudi tena kulala na mumewe. Kiapo hakitimii, ndo maana analeta sadaka.

#7 Mama Pacha
#6 nimecheka mpaka wanangu wameamka 😂😂 Huyo Shimon nani alimpeleka leba? Mi niliapa kwa sauti, nesi shahidi, mume wangu yuko nje ya dirisha anasikia. Miaka miwili mbele nikarudi kwenye wodi ileile, na nesi yuleyule kanipokea "karibu tena dada wa kuapa". Nadaiwa njiwa wangapi?

#8 Mla Mihogo
#7 wewe ni pacha, hesabu yako apige mhasibu.

#9 Ukurasa wa Mwisho
Turudi kwenye "kwao". Kigiriki cha Luka kina neno autōn, wingi, halisemi ni wanaume au wanawake, sawasawa na "kwao" yetu. Kuna hati moja ya kale, Codex Bezae, imeandika umoja wa kiume, yani kutakasika kwake yeye mtoto (au Yosefu). Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 ikaweka umoja wa kike, kutakasika kwa mama. Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, wakaandika eius, na eius haichagui mwanaume wala mwanamke.

Hapo Mswahili ndo anaelewa kuliko Mwingereza, maana "kwake" yetu nayo haichagui. Ungeandika "siku za kutakasika kwake" kila mtu angebaki na tafsiri yake moyoni na jumuiya ya Kibatari ingeisha mapema. Inaonekana wanakili wa zamani waliona wingi unawaletea tabu, wakarekebisha, kila mtu kivyake. Ndo maana wasomi wengi wanaona wingi ndo wa asili, kwa sababu hakuna mwandishi anayeacha sentensi laini akaivuruga makusudi.

#10 Kibatari
#9 asante sana mkuu. Kwa hiyo ni wingi. Sasa wingi wa nani na nani?

#11 Mtumishi wa Zamu
Bwana asifiwe. Jibu ni rahisi jamani, mnajichosha. Wote watatu walikuwa safarini kutoka Nazareti, kilomita mia na zaidi, njiani lazima wameshika vitu najisi, so wote walihitaji maji ya utakaso kabla ya kuingia hekaluni. Kuhani Simeoni akawapokea akambeba mtoto.

#12 Katekista Mstaafu
#11 amina, ila umechapia mara mbili kwenye mistari minne. Kwa Luka hawajatoka Nazareti, bado wapo upande wa Bethlehemu, na Bethlehemu na Yerusalemu ni kama kilomita 9 tu, unatoka asubuhi unarudi mchana. Nazareti wanarudi baadaye, mstari wa 39. Na Simeoni hajaitwa kuhani popote. Luka anasema ni mtu mwenye haki, mcha Mungu. Hata uzee hajaandikiwa, tumeuona kwenye picha za ukutani. Aliyetajiwa umri ni Ana binti Fanueli, wa kabila la Asheri, 84.

#13 Mtumishi wa Zamu
Nimekubali sahihisho, nilikuwa naandika kwenye daladala.

#14 Dobi wa Mjini
Mi naona Luka kakosea tu, tuseme ukweli. Alikuwa anaandikia watu wa mataifa, mwenyewe pengine wa mataifa, akasikia kuna utakaso wa mama siku ya 40 na kuna ukombozi wa mtoto baada ya mwezi, akavisonga pamoja kama ugali na uji. Walawi 12 haidai mtoto apelekwe hekaluni. Hesabu 18 nayo haidai, inadai hela. Sheria ya "kumpeleka mtoto hekaluni" unaitoa wapi?

#15 Ukurasa wa Mwisho
#14 Nehemia 10, mstari wa 35 na 36. Watu waliorudi uhamishoni wanaahidi kuleta wazaliwa wa kwanza wa wana wao na wa mifugo yao nyumbani mwa Mungu, kwa makuhani. Kwa hiyo wazo la kwenda nao lipo, hajalitunga. Ila nakubaliana kwamba kaunganisha mambo mawili kwenye sentensi moja, na ile "kwao" inaweza kuwa ndo kovu la mshono.

#16 Dobi wa Mjini
Kovu la mshono 👏 hiyo naiba.

#17 Binti Kibokoni
Asalaam aleikum na wasioitikia pia. Mimi Muislamu, nimepita tu lakini mada imenigusa. Huku pwani mama akizaa anakaa arobaini, hatoki, anakandwa na maji ya moto, anafungwa tumbo, siku ya arobaini anaogeshwa anatoka na mwanawe kavishwa kanzu nyeupe, udi unafukizwa nyumba nzima. Kidini ni nifasi, haswali wala hafungi mpaka damu ikatike, na mafakihi wametofautiana mwisho wake, wengine siku 40, Shafi 60. Lakini mtoto si najisi kabisa, tena siku ya saba ananyolewa, nywele zinapimwa, uzito wake inatolewa fedha sadaka, na mbuzi wa akika anachinjwa. Mliposema fedha ya mzaliwa wa kwanza nikakumbuka hilo.

Na mmeisahau moja. Kwenye Al Imran aya ya 35, mke wa Imrani anaweka nadhiri kilichomo tumboni mwake kiwe wakfu kwa Mola. Akazaa binti, ndiye Maryam. Yani kwetu aliyetolewa wakfu kwanza ni mama, mtoto baadaye.

#18 Katekista Mstaafu
#17 wa aleikum salaam binti yangu. Hiyo hata sisi tunayo kwa mapokeo ya kale, nje ya Biblia. Kuna maandishi ya karne ya pili yanasema Maria alipelekwa hekaluni akiwa na miaka mitatu, na kanisa lina kumbukumbu ya hilo tarehe 21 Novemba.

#19 Simba wa Kitonga
Haya sasa tumeanza maandishi ya nje ya Biblia. Nilijua tutafika.

#20 Mgeni wa Jioni
Wasee mi niko New Jersey, nafanya catering wikendi. Mwaka juzi tulihudumia hafla ya Wayahudi inaitwa pidyon haben, ndio hiyo ya kukomboa kifungua mimba. Nilikuwa nimebeba trei ya samaki nikasimama kuangalia mpaka bosi akanikanyaga mguu.

Mtoto alikuwa na mwezi mmoja na siku, maana inafanywa baada ya siku 30. Wanamlaza kwenye sinia la fedha, akina mama wanavua mikufu na bangili zao wanamzungushia, mtoto anang'aa kama duka la sonara. Pembeni kuna bakuli za sukari ya vipande na punje za vitunguu saumu, kila mgeni anabeba kidogo kwenda kupikia nyumbani ili na waliobaki waonje baraka. Anakuja kohen, mtu wa ukoo wa makuhani, kijana tu, mhasibu nadhani. Anamuuliza baba mbele ya watu: unataka nini zaidi, mtoto wako huyu au shekeli zako tano? Baba ana sarafu mkononi, jasho linamtoka, akasema namtaka mwanangu, akamkabidhi sarafu moja moja. Kohen anazizungusha juu ya kichwa cha mtoto anabariki. Halafu ndio tukaruhusiwa kupeleka samaki.

Hakuna hekalu, hakuna njiwa, ni ukumbi wa kukodi. So kama mnasema lazima waende Yerusalemu kukomboa mtoto, hapana, popote penye kohen.

#21 Kibatari
#20 hii ndo raha ya JUKWAA. Kuna baba aliwahi kujibu nataka hela?

#22 Mgeni wa Jioni
Niliuliza hiyo hiyo jikoni. Mzee wa pale akacheka akasema hata ukijibu hivyo mtoto haendi popote na hela unatoa. Swali ni la kumfanya baba aseme kwa mdomo wake.

#23 Mama Pacha
Huyo baba wa kwetu msimuulize.

#24 Fundi Mizani
Kwa wanaouliza shekeli 5 ni kiasi gani. Shekeli ya kale ilikuwa kama gramu 11 na pointi, kwa hiyo tano ni kama gramu 57 za fedha. Ila zama za hekalu la pili walilipa kwa fedha ya mji wa Tiro, Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za marabi) inasema hivyo, na ile ilikuwa kama gramu 14, tano zinakuja 70. Sarafu moja ya hiyo ni dinari 4, so jumla dinari 20. Dinari ni kibarua cha siku, someni mfano wa wale wa shamba la mizabibu Mathayo 20. Yosefu fundi, siku 20 za kazi, bila kula.

Na asili yake ni hesabu kabisa, Hesabu 3. Mungu anawachukua Walawi badala ya wazaliwa wa kwanza wa Israeli wote. Walawi 22,000. Wazaliwa wa kwanza 22,273. Wamebaki 273 hawana Mlawi wa kusimama badala yao, basi kila kichwa shekeli 5, zikapatikana 1,365. Ni mizania, inafungwa mpaka senti.

#25 Dobi wa Mjini
#24 sasa ukichanganya na njiwa. Torati inataka mwanakondoo na ndege mmoja, ukishindwa ndo ndege wawili. Yosefu kashindwa kondoo. Na dhahabu ya mamajusi je? Mkaka ana dhahabu, uvumba na manemane nyumbani halafu anatoa sadaka ya maskini?

#26 Mtumishi wa Zamu
Mamajusi walikuja baadaye. Herode aliua watoto wa miaka miwili kushuka chini. Kwa hiyo siku ya 40 dhahabu haijafika. Hapo simo kwenye daladala nimekaa.

#27 Dobi wa Mjini
Kama walikuja baadaye Bethlehemu, na Luka anasema walipomaliza yote hekaluni wakarudi Nazareti, walirudi tena Bethlehemu kufanya nini? Alafu Misri wanaiweka wapi? Usinijibu haraka.

#28 Mtumishi wa Zamu
Najibu taratibu.

#29 Fundi Mizani
Na msidharau hao njiwa. Mishna, sehemu ya Keritoti, inasema kuna wakati bei ya jozi ya ndege Yerusalemu ilifika dinari ya dhahabu, yani 25 za fedha. Rabani Shimoni mwana wa Gamalieli akaapa kwa hekalu kwamba halali usiku huo mpaka ishuke. Akaingia baraza la hukumu akafundisha kwamba mwanamke mwenye deni la uzazi tano analeta jozi moja na anaruhusiwa kula vya madhabahuni, zilizobaki si deni. Siku hiyohiyo jozi ikashuka nusu dinari. Hakutuma askari sokoni, kaua mahitaji tu. #7 Mama Pacha jibu lako hilo hapo, jozi moja inatosha.

#30 Mama Pacha
Mungu amrehemu huyo Shimoni. Yule wa kwanza bado simtaki.

#31 Msafiri wa Gondar
Natokea Addis kikazi, nisaidie kwenye "kwao". Waorthodoksi wa Ethiopia wanabatiza mvulana siku ya 40 na msichana siku ya 80, mama na mtoto wanaingia kanisani pamoja. Hesabu ni ya Walawi 12, mtoto wa kike siku zinakuwa mara mbili, 14 na 66. Na kwenye Biblia yao kipo Kitabu cha Yubile, kinaeleza sababu: Adamu aliingizwa Edeni baada ya siku 40 na Hawa baada ya siku 80. Ukifikiria hivyo, anayesubiri kuingia patakatifu ni anayezaliwa, mama anamsindikiza. Vipande vya Yubile vimepatikana pia Kumrani kwenye zile hati za Bahari ya Chamvi, na kuna kipande kingine hukohuko kinataka mtoto akabidhiwe mlezi wa kumnyonyesha aliye safi wakati mama hajatimiza siku. Kwa hiyo walikuwepo Wayahudi waliomuona mtoto naye yumo ndani ya utakaso. Mi kura yangu: wao ni Maria na Yesu.

#32 Katekista Mstaafu
#31 Origeni, mwalimu wa kanisa wa karne ya tatu, alisema hivyo hivyo kwenye mahubiri yake juu ya Luka, mama na mtoto, akapata kazi ya kutofautisha doa na dhambi. Mimi bado nabaki na Yosefu na Maria. Soma sentensi nzima: siku zao zilipotimia, wakampandisha. Waliompandisha ni wazazi. "Wao" wa kwanza na "wa" wa pili ni watu walewale, ndivyo mtu anavyoongea. Familia inasema "tulikuwa na arobaini yetu" wakati aliyezaa ni mmoja.

#33 Binti Kibokoni
Kweli hiyo, hata mume husema "tumejifungua".

#34 Simba wa Kitonga
Au "wao" ni Wayahudi. Yohana 2:6 ile mitungi sita ya mawe ya Kana ni ya "kutawadha kwa Wayahudi". Luka anamwambia msomaji wake wa kigeni: desturi ya watu wale.

#35 Ukurasa wa Mwisho
#34 inawezekana, ila Wayahudi hawajatajwa jirani hapo, wanarukia kutoka wapi? Sikatai, naona ni mbali.

#36 Chozi la Mnazi
Nimesoma zote, mmepita kwenye dhahabu mkaiacha. #20 kaandika KIFUNGUA MIMBA. Jamani! Torati haisemi tu mzaliwa wa kwanza, inasema kinachofungua tumbo. Kiswahili tunalo neno lenyewe kamili, kifungua mimba, na mwenzake kitinda mimba, sijui wafasiri waliliogopa nini.

Na linabadilisha sheria nzima. Kumbukumbu la Torati 21 mzaliwa wa kwanza wa BABA anapata fungu maradufu la urithi. Hiyo ni ya mirathi. Ya kuhani ni kifungua mimba wa MAMA. Mwanaume mwenye wake watatu ana mrithi mmoja na anaweza kuwa na vifungua mimba watatu wa kulipia, shekeli 15.

#37 Mla Mihogo
Baba yangu mdogo asiuone huu uzi.

#38 Mgeni wa Jioni
#36 ndio, na pale kazini walinieleza mtoto wa upasuaji hakombolewi, kwa sababu hajafungua njia. Na baba akiwa wa ukoo wa makuhani au Mlawi, hakuna. Na mama akiwa binti wa kuhani au Mlawi, pia hakuna.

#39 Kapuku Msomi
Mwanangu wa kwanza kazaliwa kwa kisu. Bili ya upasuaji ilizidi hizo gramu 70, basi tumepishana na kohen.

#40 Ukurasa wa Mwisho
#38 SUBIRI HAPO. Mama akiwa binti wa Lawi mtoto hakombolewi? Luka 1:5 Elisabeti ni wa uzao wa Haruni. Luka 1:36 Maria ni jamaa yake. Kama Maria naye ni wa upande huo, shekeli 5 hazikudaiwa kabisa! Ndo maana Luka hazitaji!

#41 Kibatari
Nimesimama.

#42 Katekista Mstaafu
Kaa. Jamaa ni neno pana, linaweza kuwa upande wa mama au wa ndoa. Elisabeti kuwa wa Haruni hakumfanyi kila ndugu yake awe wa Haruni. Mama wa Elisabeti akiwa wa Yuda, mchezo umeisha. Na hiyo sheria ya mama Mlawi ni ya marabi, kwenye Torati yenyewe haipo.

Mimi nimefundishwa hivi na nimeishi nayo: hakukombolewa kwa sababu hakurudishwa. Unakomboa kitu ili kirudi kwako. Samweli, Hana alimwachisha ziwa akampeleka Shilo akamwacha, hakulipa shekeli. Luka kausuka wimbo wa Maria kwenye wimbo wa Hana, anajua anachofanya. Mtoto kawekwa kwa Bwana na hapo hapo kabaki wa Bwana, miaka kumi na miwili baadaye anawaambia wazazi imempasa kuwa kwa Baba yake.

#43 Dobi wa Mjini
#42 tamu, lakini Samweli alibaki Shilo kweli, ana kitanda. Yesu karudi Nazareti na wazazi wake mstari wa 39. Sasa kawekwa wakfu halafu kasepa? Kutotajwa sio kutolipwa. Luka hakutaja pia walikula nini.

#44 Fundi Mizani
Nipo na Dobi. Wamelipa, mwandishi hajaandika risiti.

#45 Simba wa Kitonga
#36 na wewe sasa hilo la "kufungua tumbo" unajua umewasha moto gani? Luka 2:23 anasema kila mwanaume afunguaye tumbo la mama. Wenye fundisho la bikira kabla, wakati na baada ya kuzaa, wanafungaje hilo tumbo?

#46 Katekista Mstaafu
Nilikuwa nahesabu dakika. Luka ananukuu jina la sheria, haandiki ripoti ya leba. Na kabla hujaleta "mzaliwa wa kwanza maana yake kulikuwa na wa pili": kuna jiwe la kaburi la Myahudi wa Misri, mwanamke anaitwa Arsinoe, mwaka wa 5 kabla ya Kristo, alikufa akijifungua mtoto wake "wa kwanza", neno lilelile la Luka. Wa pili angetoka wapi?

#47 Simba wa Kitonga
Hilo jiwe sikulijua mzee. Nimepokea, ila sijahama.

#48 Bibi wa Mbege
Wajukuu hamjambo. Hayo mambo mnayabishania tumeyaishi. Enzi zetu sisi tulikuwa waanglikana, mama aliyezaa haketi na watu kanisani mpaka padre amsomee sala ya shukrani mlangoni. Nilipozaa kifungua mimba wangu nilisimama pale na kitenge kipya, mvua inaninyeshea mgongo, padre yuko ndani anamalizia chai. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kichanga nimekifunika na sweta ya baba yake. Sikujiona najisi, nilijiona nimelowa.

#49 Binti Kibokoni
#48 shikamoo bibi 😭

#50 Msafiri wa Gondar
#48 shikamoo. Hekaluni nako ilikuwa mlangoni hivyo hivyo. Mishna inasema waliojifungua walitakasiwa kwenye lango la Nikanori, lile la shaba upande wa mashariki. Mama anasimama pale, haingii zaidi.

#51 Bibi wa Mbege
Lilikuwa na paa?

#52 Msafiri wa Gondar
Hapo bibi umeniweza.

#53 Katekista Mstaafu
Ndo maana mnakumbushwa tarehe 2 Februari zamani iliitwa Kutakaswa kwa Maria, marekebisho ya kalenda ya 1969 wakaiita Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. Hesabu kuanzia 25 Desemba, ni ya 40. Wale Waarmenia wanaosherehekea kuzaliwa tarehe 6 Januari wao ni 14 Februari, nayo ya 40. Mishumaa inabarikiwa kwa sababu ya Simeoni na ile nuru ya mataifa. Bibi pole kwa mvua.

#54 Kijana wa Saa Tisa
Wakuu samahani nimeingia sasa hivi sijasoma kurasa za nyuma. Hao njiwa wawili waliliwa na nani?

#55 Fundi Mizani
#54 swali zuri kuliko yote. Mmoja wa kuteketezwa, anaungua wote, hakuna anayeonja. Wa pili, wa hatat, kuhani anamkata shingo kwa ukucha wa kidole gumba bila kutenganisha kichwa, damu inanyunyizwa ubavuni mwa madhabahu, na nyama ni ya makuhani, wanakula ndani ya eneo takatifu.

#56 Kijana wa Saa Tisa
Kwa hiyo kuhani mzima, siku nzima kazini, kinda moja la njiwa?

#57 Mla Mihogo
Ndo maana wakadai na shekeli.